Nyumba Waliyoijenga Mahameni

Jumanne, 1 Agosti 2023

Wamefika. Magari matatu na lori moja, vumbi mpaka kwenye jiko la mke wangu Kristina. Ni watu wa tamthilia kutoka Dar es Salaam. Wanatengeneza maisha ya Baba wa Taifa kwa ajili ya televisheni, sehemu kumi na tatu, na ya tisa inahusu vijiji: mwaka 1974, watu walipoondolewa kwenye makao yao ya zamani wakakusanywa kukaa pamoja. Wanataka kuipigia picha huku kwetu. Mwenyekiti wa kijiji, Melkizedeki, amewaambia: nendeni kwa Mwalimu Ezekieli, anajua kila kitu, ila mwende mmeshakula, maana akianza kueleza hamtoki leo.

Ndivyo alivyosema! Mwongozaji mwenyewe amenisimulia huku anacheka. Ni binti, anaitwa Janeth, suruali ya mifuko mingi, lakini shikamoo yake ilikuwa ya mtu aliyelelewa. Ameniomba niwe mshauri wa historia. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Miaka kumi na miwili tangu nistaafu. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza swali la historia. Wananiuliza dawa ya panya.

Anatafuta mahali pa wazi, pasipo nguzo za umeme wala bati. Nikasema: mahameni. Akauliza mahame ni nini. Nikaeleza: ni mahali palipokuwa na mji wa watu, wakahama, zikabaki alama. Nilieleza kama dakika ishirini hivi. Kristina alikohoa mara mbili kutoka jikoni.

Tangu waondoke sijakaa chini. Nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimewapeleka. Kwa mguu ni saa nzima, kwa gari lao dakika kumi na tano, nyuma ya yale mawe makubwa. Ndilo shamba analolima mwanangu Fredrick. Alizeti imevunwa, mabua bado yamesimama. Fredrick ameridhia palepale. Ameuliza tu kama shamba litaonekana kwenye TV na jina lake.

Janeth aliuliza: unajuaje hapa palikuwa na mji? Nikamwonyesha. Kwanza minyaa. Mnyaa hauoti mstari ulionyooka kwa hiari yake. Huo ni ua wa mtu. Pili mabua. Pale ni manene kama dole gumba, hatua kumi pembeni ni membamba kama penseli. Kwa nini? Kwa sababu pale palikuwa na zizi. Samadi ya miaka mingi haiishi ardhini upesi. Karibu nusu karne imepita na alizeti bado inajua ng'ombe walilala wapi.

Vijana wa kamera wakapiga picha udongo! Nilijisikia niko mbele ya darasa la saba.

Janeth akasema: basi tembe letu la kuigizia, ile nyumba ya paa bapa la udongo, tulijenge hapahapa, tuwe sahihi. Nikaokota kijiti nikachora chini. Ukuta huu, na huu. Zizi mbele. Mlango utazame mawe mawili yaliyobebana. Nikapima kwa hatua zangu, vijana wakafuata nyuma wakipigilia vigingi.

Nilipoinua kichwa nikaona nilichofanya. Niliombwa kuchora tembe lolote. Nilikuwa nimechora tembe la Yunisi, na nimelichora palepale lilipokuwa.

Yunisi alikuwa mjane, ndiye aliyekaa pale. Alihamishwa mwaka huo wa 1974. Mimi nilikuwa mwalimu wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwepo.

Sikumwambia Janeth ni nyumba ya nani. Vigingi vimeshaingia ardhini.

Jumamosi, 5 Agosti

Ujenzi unakwenda mbio. Nguzo, boriti, fito, nyasi, kisha udongo juu ya paa. Wazee watatu wanaojua kujenga tembe wamepatikana na wanagombana vizuri sana kuhusu fito. Mmoja anasema tembe la mwenzake lingemwangukia hata paka.

Wanawake wamekuja kuchota maji na kukandika. Kati yao Emiliana. Niandike ni nani, ingawa hakuna anayesoma humu: ni binti wa Yunisi. Mwaka ule alikuwa darasa la sita, mwanafunzi wangu, mzuri wa hesabu. Sasa ana miaka sitini na miwili, mjane pia kama mama yake, hana mtoto aliye hai, anakaa chumba cha nyuma kwa mtoto wa kaka yake pale kijijini.

Aliweka ndoo chini. Akasimama mbele ya mlango muda mrefu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Emiliana."

"Nani amewachorea?"

"Mimi."

Aliingia, akazunguka, akatoka. Kisha akawaambia wajenzi: jiko mmeliweka pabaya, moshi utamrudia mpishi. Akarudi ndani akahamisha mafiga yote matatu kwa mikono yake. Nilijua anayapeleka wapi kabla hajayaweka.

Janeth amempenda papo hapo. Huyu ndiye bibi yangu! Katika maandishi yao kuna bibi anayesitasita kuhama, kisha anaelimishwa, kisha anatoka anaimba. Emiliana amepewa nafasi hiyo. Amesema atafanya, ila kuimba hawezi, koo lake si zima.

Jumapili, 6 Agosti

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Kristina ameniuliza mchana somo lilikuwa nini, nikasema Waebrania. Lilikuwa Mathayo.

Jumatatu, 7 Agosti

Leo tumesoma maandishi pamoja. Wameandika kwamba mwalimu kijana anafika, anahutubia, watu wanashangilia, wanapakia vyombo kwenye lori. Mwalimu anachezwa na kijana mpole anayeitwa Nathan, mwenye ndevu ambazo sisi tusingeruhusiwa kuwa nazo.

Nikasema si uongo, lakini ukweli haujakamilika. Wapo walioshangilia. Shule ilikuja kweli, zahanati ilikuja kweli, mimi mwenyewe niliamini kila neno na mengi bado nayaamini. Lakini mtu hatoki kwenye nyumba yake kwa hotuba. Tulifumua mapaa. Tembe likikosa paa si nyumba tena, ni kuta. Wanafunzi wa darasa la saba walipanda juu, wakatoa udongo, nyasi, fito. Tulifanya kama zoezi la shule. Kwa zamu.

Janeth aliandika haraka haraka. Akauliza: na bibi aliyemo ndani, alitokaje?

"Alitoka," nikasema.

Alinitazama akingoja maelezo. Wote walingoja. Nathan hata alisogeza kiti. Nikaomba chai.

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane. Siku ya wakulima, na kijiji kizima kilikuwa mahameni kuwa "wananchi" wa kwenye picha. Ngoja niandike kwa utaratibu maana kichwa hakitulii.

Anayemwigiza Baba wa Taifa anaitwa Bonaventura. Mtu wa Iringa, mcheshi. Jana alikuwa anatafuta chipsi kijijini, akaambiwa asubiri viazi vitoke Singida. Kila mtu anamjua. Leo ametoka kwenye hema na suti ile, fimbo ile, nywele zimetiwa mvi, mwendo ule! Kelele zote zikakatika. Kina mama wakapiga vigelegele kabla ya kuambiwa. Mimi mwenyewe nilisimama wima, miguu imebana. Mzee wa miaka sabini na miwili!

Halafu Melkizedeki akatoa karatasi mfukoni. Risala! Kijiji kilikuwa kimeandaa risala.

"Ndugu Rais, kijiji chetu kina kaya mia nne na kumi na saba. Changamoto zetu ni hizi zifuatazo. Moja, kisima kimoja kinachotoa maji ya chumvi. Mbili, transfoma ndogo. Tatu, mwalimu wa hisabati."

Hakuna aliyecheka. Bonaventura akamtazama Janeth, Janeth akazungusha kidole: endelea, kamera inakwenda. Basi akasimama, mikono juu ya fimbo, akasikiliza mpaka ombi la tisa. Kisha kwa sauti ileile: nimesikia, ndugu mwenyekiti, nimesikia. Makofi! Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia jirani yake, angalau huyu amesikiliza mpaka mwisho.

Ndipo Emiliana akanyoosha mkono. Kama darasani, kiwiko kimenyooka.

"Ndugu Rais, shikamoo. Naitwa Emiliana binti Yunisi. Mama yangu alitolewa kwenye nyumba hii. Naomba ruhusa nirudi."

Bonaventura alidhani imo kwenye maandishi. Akamsogelea, akamshika bega. "Rudi nyumbani, mama. Nani wa kukuzuia?"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya transfoma. Nilimwona Fredrick, pale kwenye mawe na watoto wake, anapiga makofi na kucheka. Alidhani ni mchezo.

Mimi mikono yangu ilikuwa mfukoni.

Jumatano, 9 Agosti

Hakutoka.

Leo ilikuwa zamu ya kupiga picha ya bibi anayeondoka. Nathan akasimama mlangoni akasema maneno yake: mama, toka, serikali imeleta maji, imeleta shule. Emiliana akajibu kutoka ndani: maji yenyewe ya chumvi, risala mmeisikia jana. Kicheko! Janeth akapiga makofi, anaigiza vizuri mno, rudieni. Wakarudia. Hakutoka. Mara ya tatu: "Nimeruhusiwa mbele ya kijiji kizima, wewe kijana umetumwa na nani?" Mara ya nne hakuna aliyecheka. Nathan alitoka jasho, akanigeukia mimi: Mwalimu, hapo wewe ulisema nini?

Nikasema jua ni kali, wapumzike.

Mara ya sita Janeth aliingia mwenyewe. Akatoka baada ya muda, ametulia kwa namna nisiyoipenda. Akasema: haigizi.

Jioni mke wa mtoto wa kaka yake Emiliana alipita na mkokoteni wa punda, anampelekea vyombo. Jiwe la kusagia, chungu, mkeka, kuku wawili. Alikuwa anaimba. Chumba chake cha nyuma kimepata nafasi.

Alhamisi, 10 Agosti

Asubuhi moshi unaonekana kwa mbali nyuma ya mawe, kwenye tembe la tamthilia. Umenyooka, haumrudii mpishi.

Fredrick alikuja kabla sijanawa uso. Hakusalimia vizuri.

"Baba, lile shamba ni la nani?"

"La kwetu."

"Basi kwa nini kuna mtu anapika humo?"

Ni mtu mzima, ana watoto wanne, jembe lake halilali. Pale penye zizi ndipo anapopata nusu ya alizeti yake yote. Kwingine kote ni mchanga. Mwaka wa ukame, ni pale tu palipomwokoa. Namwelewa. Nikamweleza taratibu. Mwaka 1976 serikali ya kijiji ilinigawia shamba lile. Sheria ya ardhi ya vijiji, ninavyoielewa mimi, inahalalisha ugawaji uliofanyika katika miaka ile ya operesheni ya vijiji. Kwa hiyo kisheria Emiliana hana...

"Basi kaeleze huko!" Fredrick alisema. "Si unaeleza kila kitu, Baba? Hili moja likushinde?"

Watoto wake walikuwa wamesimama langoni. Wakaondoka wote watano.

Sikumwambia hili: kwamba shamba sikupewa tu. Nililiomba. Wenzangu waliomba karibu na kijiji. Mimi niliomba la mbali, nikasema napenda kutembea. Nilijua udongo ulivyo pale.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimekwenda kwa mguu. Nilisimama mara tatu njiani, si kwa uchovu.

Alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Shikamoo, marahaba, akanitolea kigoda. Watu wa tamthilia walikuwa mbali kule kwenye mawe wakipiga picha nyingine. Tulikuwa wawili.

Nikaanza na sheria. Akaniacha nimalize. Akaendelea kupepeta. Kisha akasema:

"Mwalimu, mama alikungoja."

Sasa niandike. Sijawahi kuliandika, hata humu, na daftari hizi zimejaa sanduku zima.

Yunisi alikuwa na goti bovu. Siku ile alikaa sakafuni katikati ya nyumba, hakubishana, hakulia, alikaa tu. Wanafunzi wangu walikuwa juu ya paa wakingoja niseme. Nje mgambo alikuwa amechoka kungoja, ameshaanza kuzungusha fimbo. Nikaogopa atampiga. Hiyo ni kweli. Nikapiga magoti mbele yake nikasema: mama, panda mgongoni, ni msimu mmoja tu, baada ya mavuno nitakurudisha mimi mwenyewe.

Hakuna aliyeniagiza kusema hivyo. Haikuwamo kwenye waraka wowote. Nilijua hakuna kurudi. Akanitazama, akaona ni mwalimu, akapanda. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa darasa la pili. Nilimbeba mpaka kwenye lori, na nyuma yetu nikasikia paa linashuka.

"Kila mavuno aliniuliza, Mwalimu amepita?" Emiliana akasema. "Nami nikamwambia ndiyo, amepita, anakwenda shambani. Maana ulikuwa unapita kila siku, na jembe. Yeye akawa anasema: yule kijana ni mwaminifu, anakwenda kuangalia kama kwangu ni salama."

Yunisi alikufa 1981. Mavuno saba.

"Ulimwambia nani anayelima pale?" nikauliza.

"Sikumwambia. Nilikuwa na adabu. Ulinifundisha wewe."

Upepo ulichukua makapi yakanijaa usoni. Nikauliza anataka nini. Alizeti ya Fredrick hataki, hana nguvu za kulima shamba lote. Anataka nyumba hii, na pale penye zizi, hadi kwenye minyaa. Hapo ndipo pale pa Fredrick! Anajua. Alisema taratibu, kama anayetaja bei ambayo haishuki.

"Na nataka useme."

"Niseme nini?"

"Ulichomwambia mama. Mbele ya watu. Eleza, kama unavyoeleza mambo mengine yote."

Jumamosi, 12 Agosti

Fredrick alileta barua, imechapwa Ikungi. Inakwenda kwa baraza la ardhi la kijiji. Inasema familia yetu ilipewa shamba hilo mwaka 1976, imelilima bila kukatiza, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeleta madai. Anaomba nyumba ya tamthilia ibomolewe kama ilivyopangwa na aliyemo atoke. Chini, nafasi ya saini yangu.

Niliisoma mara tatu na kalamu mkononi nikitafuta kosa. Hamna. Kila sentensi ni ya kweli. Ni barua nzuri. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika barua.

"Baba, watoto wangu watakula nini? Nieleze hilo tu."

Nikasaini.

Hakushangilia. Alikunja karatasi mara mbili, akasema asante Baba, akaondoka polepole kama mtu aliyebeba yai.

Kristina alikuwa anachambua maharage. Tumeoana mwaka 1977, hakuwepo siku ile ya Yunisi. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa hata mara moja. Halafu akasema: mwaka nilipokuja hapa sikuwa na mbegu. Yunisi ndiye aliyenipa mtama wa kupanda, debe zima, akasema mpelekee mumeo, ni mtu mwema.

"Hukuniambia," nikasema.

"Wewe ndiye mwenye kueleza, Baba Fredrick. Mimi nilipanda tu."

Jumapili, 13 Agosti

Janeth amekuja baada ya ibada. Lazima waondoke kesho kutwa. Wanatakiwa Butiama wiki hii. Bado hajapata picha ya paa kushuka, na hawezi kufumua paa juu ya mtu aliye hai. Amesema anaweza kujenga kijumba kingine huko waendako, cha kuonekana upande mmoja tu. Hakuja kwa ajili ya hilo.

"Mwalimu, sikulazimishi. Lakini bibi yule alitokaje?"

"Alibebwa."

"Na nani?"

Nikatazama mikono yangu. "Na mwalimu."

Kalamu yake haikwenda. Nikamwambia na yale maneno, ya msimu mmoja. Nilitumia sentensi nne. Ndiyo maelezo mafupi kuliko yote niliyowahi kutoa. Aliuliza kama abadilishe maandishi, mwalimu aseme hivyo. Nikasema abadilishe. Akauliza tena: na mwisho wake? Mwalimu alirudi kumchukua?

Nikamwambia baraza linakaa kesho saa nne, mahameni.

Nimekwenda na kurudi njia ya kisimani mara nne leo. Watu wanadhani ni mazoezi niliyoamriwa na daktari kule Kiomboi.

Jumatatu, 14 Agosti, mahameni

Naandika hapahapa, daftari gotini. Wanadhani nachukua muhtasari.

Baraza la ardhi la kijiji ni watu saba, watatu lazima wawe wanawake. Halihukumu, linasuluhisha, asiyeridhika huenda mbele. Wamekuja sita, wa saba ana malaria. Wamekaa kwenye mawe na magogo mbele ya tembe. Melkizedeki kaja kama mwenyekiti wa kijiji, kusikiliza. Watu wengine wamejazana kwenye minyaa. Kamera za Janeth zimefunikwa, nilimwomba, akakubali.

Fredrick yuko hatua kumi kutoka kwangu. Hajanitazama. Shati lake ni lile la Krismasi.

Wamesoma barua. Imesomwa vizuri, kila mtu ameelewa. Melkizedeki akasema kwa hakika suala liko wazi, Mwalimu amesaini mwenyewe, tusipoteze siku. Mzee mmoja kwenye minyaa akapaza sauti: mbona wewe mwenyekiti ulipiga makofi siku ya Nane Nane? Melkizedeki akajibu: nilimpigia mwigizaji! Mzee hakumwachia: eti mwigizaji, na risala je, ulimsomea nani? Kicheko kikawashinda hata wajumbe. Melkizedeki naye akacheka, akajipangusa. Kisha mama anayeongoza baraza akagonga gogo akauliza: Mwalimu, una la kuongeza kwenye barua yako?

Nikasimama. Nikafungua mdomo.

Wakati huohuo Emiliana akatoka ndani.

Ana sinia. Mabakuli ya uji wa mtama, yanatoa moshi. Hakuja kama mshtakiwa, amejifunga khanga safi, anapita kwa mjumbe mmoja mmoja, anapiga goti kidogo, karibuni, karibuni kwangu, jua limepanda. Yametosha wote sita. Sijui ameamka saa ngapi.

Niliona kila mmoja alivyoelewa kwa zamu. Kwetu ukinywa uji wa mtu uani kwake, umeshakuwa mgeni wake. Mgeni hamfukuzi mwenyeji. Huwezi kufuta mdomo halafu ukasema hapa si pake. Mabakuli yamepokewa, maana kukataa ni tusi, lakini hakuna aliyekunywa. Watu sita wazima wameshika uji wa moto kama walioshika mtoto wa watu. Mmoja anapuliza tu. Amepuliza mpaka naona uji umepoa.

Alimpelekea Fredrick. Fredrick akatikisa kichwa, nimeshiba shangazi, asante. Alisema shangazi. Sauti yake haikuwa kavu kama nilivyoogopa. Bakuli akaliweka kwenye jiwe pembeni yake, karibu.

La mwisho akaniletea mimi. Kwa mikono miwili.

"Karibu kwetu, Mwalimu."

Nimelipokea, nikakaa. Mama wa baraza anasema basi na tuendelee, Mwalimu alikuwa anataka kusema. Lakini hakuna anayeendelea. Wote wanatazama bakuli langu. Fredrick pia, sasa ananitazama, kwa mara ya kwanza leo. Uso wake ni ule aliokuwa nao nilipokuwa nasahihisha daftari lake na yeye amesimama pembeni ya meza.

Uji una ukwaju. Nausikia kwa harufu.

Melkizedeki ananong'ona: Mwalimu, acha kuandika.

Nimeweka bakuli gotini, juu ya ukurasa, naandika pembeni yake. Nimevua kofia, kama mtu anavyovua akiingia nyumbani kwa watu, si kwake.